Nilibeba Tairi za Kuazima, Wacha Niseme Ukweli Kuhusu Inspeksheni

Leo sina utani mwingi. Kuna kitu nimekaa nacho karibu miaka miwili, na kila nikiona mjadala wa inspeksheni ya magari ukipita kwa simu yangu, tumbo inanikata.

Mjadala wenyewe mnaujua. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, na watu wakawaka. Wengine wanasema kila gari ikaguliwe, hata ile ya kwenda kanisani Jumapili. Wengine wanasema hiyo ni njia nyingine tu ya kutoa pesa kwa mfuko wa mwananchi. Lakini ukisikiliza vizuri, wote wanagombania swali moja: kila baada ya muda gani? Miezi sita? Mwaka? Miaka miwili?

Mimi pia nilikuwa na jibu langu rahisi. Kisha usiku mmoja nikabeba tairi nne begani, mbili mbili, kutoka kwa fundi hadi nyumbani.

Wale mnanifuata mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilirudi Lwakhakha na begi moja na aibu ya kutosha. Kwa wale hawajafika, Lwakhakha ni mji wa mpakani huku Bungoma. Mto ndio mpaka. Ukivuka daraja uko Uganda, na mji wa ng'ambo pia unaitwa Lwakhakha. Watu ni wale wale, lugha karibu ile ile, pesa tofauti. Siku ya soko huwezi kujua nani ni wa wapi mpaka atoe noti.

Mtu aliyenipokea bila kuniuliza maswali ni khocha wangu, ndugu ya mama. Alikuwa na Probox ya kubeba abiria kwenda Chwele na Bungoma. Akaniambia, "Njoo ushike mlango, utakula." Hivyo ndivyo nilivyokuwa makanga. Nasema hii mapema ndio muelewe kwa nini nilinyamaza baadaye. Mtu akikupa chakula wakati kila mtu anakupa ushauri, humsemi vibaya.

Gari ilikuwa na kibali cha kubeba abiria, kwa hivyo kila mwaka ilibidi iende inspeksheni. Mwaka huo tairi zote nne zilikuwa kipara. Sisemi zilikuwa zimechakaa kidogo. Ungepitisha kiganja juu yake ungedhani unashika kichwa cha babu. Khocha alijua, mimi nilijua. Lakini tairi mpya moja ilikuwa inakaribia faida yetu ya wiki nzima, na kulikuwa na fii ya watoto wake wawili.

Basi tukafanya kile kila mtu wa steji alikuwa anafanya. Kuna fundi aliyekuwa na tairi nne nzuri ambazo hakuziuza. Alikuwa anazikodisha, mia tano kwa siku. Kizima moto tuliazima kwa jirani. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa la jirani mwingine, na ndani kulikuwa na bandeji moja na kiwembe. Usiku tukainua gari kwa jeki, nikafungua nati, nikafunga tairi za watu. Asubuhi na mapema tukaenda kituo cha ukaguzi, maana Lwakhakha hakuna, ni safari.

Gari ilipita.

Nilifurahi, siwadanganyi. Nilipiga picha na ile stika nikaiweka kwa status, nikaandika kitu cha kujishaua kuhusu gari yetu kuwa nzima. Watu wakanipa moto nyingi. Kabla ya saa kumi na mbili jioni tulikuwa kwa yule fundi tena, nikitoa tairi zake na kurudisha zetu. Spana ilikuwa mkononi mwangu.

Wiki tano baadaye ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tunarudi kutoka Chwele tukiwa watu tisa ndani ya gari ya watu watano, wawili wao nyuma kwa buti pamoja na mikungu ya ndizi. Hatukuwa na mbio. Boda moja ikaingia barabarani ghafla, khocha akakanyaga breki, na breki zikashika. Hapo ndipo watu hawaelewi: breki zilikuwa sawa. Ni tairi hazikuwa na kitu cha kushikia lami. Gari iliteleza kama sabuni kwa sinki, ikazunguka nusu, ikaingia mtaroni na upande wa kushoto.

Hakuna aliyekufa. Mama mmoja anayeuza ndizi, niliyezoea kumwita Mayi, alivunjika mguu mahali pawili. Alilala hospitalini wiki nyingi. Leo anatembea na fimbo.

Sasa sikilizeni hii. Afisa aliyekuja kuangalia gari alizunguka, akaona stika kwa kioo, bado ina miezi kumi na zaidi. Akaandika alichoandika. Mwisho wa maneno ikawa kosa ni mvua na dereva. Gari haikuguswa kwenye hadithi, kwa sababu gari ilikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimelowa, nikiangalia ile stika niliyoipiga picha.

Kwa hivyo mtu akiniuliza inspeksheni iwe kila baada ya muda gani, siwezi kujibu kama mtu aliyesoma tu. Lakini pia nimesoma, kwa sababu hii kitu ilininyima usingizi. Wacha niwape nilichopata.

Kwanza, hapa kwetu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema gari yoyote iliyozidi miaka minne tangu itengenezwe inafaa kukaguliwa. Gari yoyote, hata ya mwalimu mkuu. Matatu na magari ya biashara ndiyo yamezoea kwenda kila mwaka. Ya watu binafsi? Uliza mzee wako gari yake ilikaguliwa lini mara ya mwisho, uone akibadilisha mada.

Halafu weka hii kando yake. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka minane kuingia nchini. Kwa hivyo watu wengi wananunua za miaka sita, saba, kwa sababu ndizo bei yao. Fanya hesabu. Siku ya kwanza gari inaguza lami ya Mombasa, tayari imeshapita ile miaka minne. Yaani karibu kila mtumba barabarani unafaa kuwa kwenye ukaguzi tangu siku unapowashwa. Hiyo si sheria mpya ya kuogopa. Ni sheria ya zamani iliyolala.

Na hizo gari zinatoka wapi? Nyingi Japani. Japani wana ukaguzi wao unaitwa shaken. Gari mpya inakaguliwa ikifika miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Gharama yake, pamoja na bima na kodi zinazoambatana nao, ni kubwa mpaka wenye magari wengi wanaona heri wauze kuliko kulipa tena. Sasa cheka na mimi kidogo: ukaguzi mkali wa Mjapani ni sababu moja ya sisi kuwa na Probox za bei nafuu, halafu zikifika kwetu tunaacha kuzikagua.

Wengine wanafanyaje? Uingereza walianza mwaka 1960, na wakati huo walikuwa wanakagua gari za miaka kumi kwenda juu. Kufikia 1967 walikuwa wameshuka hadi miaka mitatu, na baada ya hapo kila mwaka. Mwaka 2023 serikali yao ikauliza kama wangesogeza ukaguzi wa kwanza hadi mwaka wa nne ili watu waokoe pesa. Mwanzoni mwa 2024 wakaamua hapana, miaka mitatu inabaki. Ujerumani ni miaka mitatu kwa gari mpya, halafu kila miwili. Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza gari zilizozidi miaka kumi ziende kila mwaka.

Upande mwingine, jimbo la Texas huko Marekani liliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida kuanzia Januari 2025. Afrika Kusini gari yako binafsi inakaguliwa ikibadilisha mwenyewe tu. Rwanda, jirani ya jirani yetu, gari binafsi ni kila mwaka, na za kubeba abiria ni kila miezi sita.

Na ng'ambo ya daraja letu? Uganda walileta kampuni ya SGS kukagua magari. Watu wakapiga kelele kuhusu ada na kuhusu mkataba wenyewe, na mwaka 2017 Bunge likasimamisha. Mwaka 2018 wakabadilisha sheria, wakakataza kuingiza gari za miaka 15 na zaidi. Kwa hivyo hapa Lwakhakha unaweza kusimama karibu na mto ukaona gari mbili zinazofanana. Moja isingeweza kuingizwa upande huu kwa sababu ni ya miaka kumi na miwili, na ng'ambo inakubalika kabisa. Mto ni ule ule, mvua ni ile ile, barabara zinateleza sawa.

Nikisoma hizo zote nikagundua kila mtu anahesabu kwa kalenda. Na kalenda haivai tairi. Kilomita ndizo zinavaa.

Chukua Probox ya steji. Tuseme inafanya kilomita 200 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya elfu 62. Sasa chukua gari ya mwalimu inayofanya kilomita 20 kwa siku, siku hizo hizo. Hizo ni elfu sita na kidogo. Ukiwaambia wote "mje baada ya mwaka mmoja", umemkagua mwalimu mara kumi zaidi ya ulivyomkagua khocha. Na aliyebeba watu tisa si mwalimu.

Ndio maana nasema Rwanda wameona kitu. Gari inayobeba watu kwa malipo iende kila miezi sita, bila maneno. Gari binafsi iliyovuka miaka minne iende kila miaka miwili, na ikifika miaka kumi iende kila mwaka. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Mkitaka kunipinga, sawa, lakini mnipinge mkijua kilomita.

Sasa najua mnachosema, kwa sababu nilikuwa nasema hivyo pia. "Bro, ukiongeza inspeksheni unaongeza tu hongo. Mwaka mmoja ni chai moja, miezi sita ni chai mbili." Na mimi ndiye mfano wenu! Hatukutoa hongo hata shilingi, na bado tulidanganya. Tungeitwa mara mbili kwa mwaka, yule fundi angepata mia tano mara mbili. Ni kweli. Inspeksheni inapima gari ya asubuhi moja. Ukijua hiyo asubuhi ni lini, unaivalisha nguo ya kuazima.

Kwa hivyo muda peke yake hautoshi. Kuna vitu vitatu ningeongeza.

Cha kwanza, ukaguzi wa ghafla. Si ule wa kusimamishwa kwa kizuizi na kuulizwa "unaniachaje". Naongelea kikosi cha wakaguzi wenye vifaa kinachotokea sokoni Chwele siku yoyote, kinakagua tairi, breki na taa za gari kumi, kinaondoka. Hakuna mtu anaweza kukodi tairi kila siku.

Cha pili, matokeo yawe wazi. Uingereza mtu yeyote akiandika namba ya gari kwa tovuti ya serikali anaona historia yote: ilipita lini, ilianguka lini kwa sababu gani, ilikuwa na kilomita ngapi, na mkaguzi alionya nini. Fikiria uko steji, unaandika namba ya matatu kwa simu, unaona picha ya tairi zilizokaguliwa. Halafu unaangalia chini. Kama si zenyewe, unajua.

Cha tatu, na hii ndiyo nitatukanwa: tufanye kupita kuwe rahisi kuliko kudanganya. Khocha hakukataa tairi mpya kwa sababu anachukia watu. Mia tano ilikuwepo, pesa ya tairi nne haikuwepo. Sacco zinakopesha watu pesa za kununua gari. Zikopeshe za tairi, zikatwe kidogo kidogo kwa kila trip. Na gari ikianguka inspeksheni, ipewe siku kadhaa za kurekebisha na kurudi bila kulipa upya. Sasa hivi kituo kiko mbali, ukianguka umepoteza siku nzima ya kazi na mafuta, kwa hivyo kila mtu anahakikisha hataanguka, kwa njia yoyote.

Na niwe mkweli, inspeksheni haitaokoa kila mtu. Kwa hesabu za NTSA, watu 4,748 walikufa kwa barabara za Kenya mwaka 2024, na kundi kubwa ni watembea kwa miguu. Wengi wao hawangesaidiwa na tairi mpya. Wangesaidiwa na njia ya kutembelea, na dereva aliyelala vizuri, na mbio kidogo. Sitaki kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Naongea kuhusu ule mmoja ninaoujua kwa mkono wangu.

Mwezi uliopita niliamua siwezi kuandika hii kabla sijaenda kwa Mayi. Nilienda siku ya soko. Alikuwa amekaa mahali pake, fimbo imeegemea mkungu. "Mulembe, Mayi." "Mulembe, mwanangu. Umekonda." Nikakaa chini kwa gunia. Nikamwambia yote: fundi, mia tano, usiku, spana, stika. Nilikuwa nimejitayarisha anitukane, au alie, au aite watu.

Aliendelea kupanga ndizi. Kisha akasema, "Hizo tairi niliziona."

Nikauliza aliziona lini.

"Siku hiyo. Nikipanda. Ulikuwa unaweka mkungu wangu nyuma, mimi nikaangalia chini nikaziona zimeisha. Ningepanda nini? Gari ya mwisho ilikuwa hiyo, na mvua ilikuwa inakuja."

Sikuwa na jibu. Miaka miwili nimekaa nikidhani nina siri. Kumbe abiria alijua, dereva alijua, makanga alijua, fundi alijua. Karatasi peke yake ndiyo haikujua. Kabla sijaondoka aliniuliza kama khocha ameweka tairi mpya. Nikasema ndiyo, aliuza ng'ombe. Akasema vizuri. Akanipa ndizi nne nipelekee mama.

Khocha amesoma hii kabla sijaiposti. Alinyamaza kwa muda, akasema niandike kwamba zile tairi za kukodi zilikuwa saizi tofauti na zetu, na bado gari ilipita. Basi nimeandika.

Sasa wewe, usisubiri NTSA. Kesho ukiwa steji, washa tochi ya simu uangalie mifereji ya tairi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi ikichakaa mpaka ikawa sawa na hivyo vinundu, imebaki na milimita 1.6 tu, imeisha. Angalia pia pembeni ya tairi kuna tarakimu nne za mwisho karibu na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2311, hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011, na hata kama inang'aa, mpira umezeeka. Inachukua sekunde kumi. Makanga akikuuliza unaangalia nini, mwambie.

Na kama wewe ndiye makanga, na usiku wa leo kuna mtu amekutuma tairi kwa fundi, najua unavyosikia. Najua huyo mtu anakulisha. Mimi pia nilikuwa na sababu nzuri.

Niambieni: gari mliyopanda leo, mliangalia chini?